Ua la chungu lichorwe kabla ya moto



Mara hii sianzi na mihogo wala mpunga. Naanza na kosa langu mwenyewe. Kiangazi kilichopita, kikundi cha akina mama wafinyanzi kiliniuliza namna gani vyungu vyao vingeweza kupata bei nzuri. Mnajua hali ya soko letu hapa Mboko: mabeseni ya plastiki, bidoni za njano, sahani za emaye zenye maua mekundu. Chungu cha udongo kinakaa pembeni, watu wanakipita tu. Nikawajibu bila kufikiri sana: «Pakeni maua, mama zangu. Nunueni rangi ya mafuta, nyekundu na nyeupe, mchore maua mazuri. Watu wa mjini wanapenda kitu kinachopendeza nyumba.»

Wakafanya vile. Soko la kwanza, vyungu viliisha mbele ya saa sita. Nilifurahi sana, nikajiona nimefanya kazi. Soko la pili, mnunuzi mmoja alirudi na mtungi wake. «Maji yake ni ya moto kama ya bidoni, tena yananukia rangi.» Mwingine alikuwa amepikia sombe katika chungu chenye maua. Moto ulipowaka ua likababuka, na moshi wake ukawafukuza wote jikoni. Akina mama wakarudisha pesa za watu.

Mama mzee wa kikundi hakunigombeza. Aliniambia tu: «Mutoto yangu, mutungi unapumua. Wewe umeuziba pua.»

Katika masomo yangu ya agronomia nilifundishwa udongo wa kupanda, sikufundishwa udongo wa kufinyanga. Basi nilikaa chini ya mwembe wa yule mama, nikasikiliza, nikaangalia mikono yake, halafu nikalinganisha na yale ninayoyajua juu ya udongo na maji. Hii makala ndiyo matunda yake. Neno kubwa ni moja: maua kwenye chungu ni jambo zuri na yanaleta pesa, lakini yachorwe kwa udongo, kabla ya kuchoma. Rangi ya dukani ina chungu chake kimoja tu, na nitawaambia ni kipi.

Kwa nini mtungi unapoza maji

Ukitoka kuoga ziwani na upepo ukakupiga, unasikia baridi hata kama jua linawaka. Maji yanayokauka juu ya ngozi yako yanachukua joto la mwili na kuondoka nalo. Mtungi unafanya kazi ile ile. Udongo uliochomwa kwa kuni hauwi mgumu kabisa kama chupa. Ndani ya ukuta wake mnabaki vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Maji yanapita humo polepole mpaka nje, upepo unayakausha, na joto la maji yaliyobaki ndani linapungua. Ndiyo sababu mtungi mzuri unaonekana kama umetoka jasho. Mtu akiona jasho lile anasema mtungi unavuja, kumbe ndiyo kazi yake.

Rangi ya mafuta inaziba vile vitundu. Mtungi uliopakwa mwili mzima unageuka bidoni nzito. Ukipakwa nusu, unapoza nusu.

Kuna jambo baya zaidi. Rangi nyingine za mafuta zimetiwa risasi, ile metali nzito. Risasi ni sumu, inaharibu hasa akili za watoto, na Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema hakuna kipimo chake kinachojulikana kuwa ni salama. Rangi ikibabuka inaangukia katika maji, katika chakula, au katika mkono wa mtoto anayetambaa. Kwa hiyo mtungi wa kunywea na chungu cha kupikia visiguswe kabisa na rangi ya dukani, hata kidogo mdomoni.

Neno moja la afya kabla ya kuendelea. Kipindupindu kinaijua sana pwani yetu ya Tanganyika, toka Uvira mpaka Baraka. Mtungi unapoza maji, hauui vijidudu. Maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klori kwanza, ndipo yaingie mtungini. Mtungi uwe na shingo nyembamba na kifuniko, na maji yachotwe kwa kata yenye mkono mrefu, siyo kwa kikombe ambacho kila mtu anaingiza na vidole vyake.

Kupoza mboga: chungu ndani ya chungu

Nguvu ile ile ya kupoza inaweza kusaidia wenye bustani ya nyanya na biringanya. Huko Nigeria ya kaskazini, mwalimu Mohammed Bah Abba, mtu wa ukoo wa wafinyanzi, alichukua vyungu viwili, akaingiza kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga katikati, akaulowesha na kufunika kwa kitambaa kibichi. Katika majaribio yake, biringanya zilikaa siku 27 badala ya 3. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo.

Tusijidanganye: kwao ni karibu na jangwa, hewa ni kavu. Hapa kando ya ziwa hewa ina maji mengi, basi tutapata siku chache kuliko wao, na wakati wa mvua faida ni ndogo. Lakini kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 8, pepo za kiangazi zinapovuma, inafaa kujaribu. Weka kivulini, mahali penye upepo, lowesha mchanga asubuhi na jioni. Na vyungu vyote viwili visipakwe rangi.

Maua yametoka wapi

Wengine wananiuliza kama ua kwenye chungu ni desturi yetu au ni la kuiga. Jibu liko pande mbili.

Ufinyanzi wa nchi za maziwa makuu ni wa zamani sana. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vyungu vinavyoitwa vya Urewe, kwa jina la mahali fulani kule Kenya, ambavyo vingine vina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Vimeonekana kuzunguka ziwa Victoria, Rwanda, Burundi na hata upande wetu wa Kivu. Vina mistari iliyochorwa kwa kijiti udongo ukiwa mbichi, na vingine vina kishimo kama cha kidole gumba chini ya kitako. Baadaye wafinyanzi wa nchi hizi wakaanza kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi, ikaacha alama kama punje za mtama. Akina mama wengi wangali wanafanya hivyo. Kwa hiyo pambo la zamani ni mstari, kamba na nukta.

Ua limeingia sana kupitia vyombo vya kigeni. Kwenye pwani ya bahari, Lamu na Zanzibar, watu waliweka sahani na mabakuli yaliyotoka China, Uarabuni na Ulaya katika vidaka vya ukuta wa nyumba, na wengine waliyajengea katika makaburi na misikiti. Chombo chenye maua kikawa alama ya nyumba yenye heshima. Leo hapa kwetu, angalia vitu anavyopewa bibi harusi: sahani na sufuria za emaye, zote na maua. Kwa hiyo mama anayechora ua juu ya mtungi anashindana na duka kwa silaha ya duka. Si vibaya. Ila asiige rangi ya duka. Achukue umbo la ua, atumie udongo wake.

Na kwa nini tuige waridi la sahani, ua ambalo wengi wetu hatujawahi kulipanda? Angalieni mashamba yenu. Ua la bamia lina majani matano ya rangi hafifu, na moyo wake ni mwekundu wa giza: hizo ni rangi zile zile za udongo wetu, mweupe na mwekundu. Ua la boga ni nyota ya pembe tano. Ua la maharagi linafanana na kipepeo. Mnunuzi wa Bukavu au Bujumbura akiliona ataliuliza, nanyi mtakuwa na la kumjibu.

Namna ya kuchora ua kwa udongo

Hizi ni hatua nilizojifunza chini ya mwembe. Wafinyanzi wenye uzoefu wanazijua; nawaandikia hasa vijana wanaoanza.

1. *Tayarisha rangi.* Tafuta udongo mwekundu sana. Wekundu wake unatokana na chuma. Tafuta pia udongo mweupe, ule wa kupaka kuta. Kila mmoja uusage peke yake, uuloweshe usiku mzima, uchuje kwa kitambaa, uache utulie, kisha mwaga maji ya juu. Ubaki mzito kama uji mwepesi.

2. *Changanya na udongo wa chungu chenyewe.* Tia kiasi kidogo cha udongo ule ule uliofinyangia. Udongo ukikauka unapungua. Kama rangi inapungua zaidi ya chungu, au chungu zaidi ya rangi, ua litapasuka na kubambuka. Zikipungua pamoja, zinashikana.

3. *Ngoja wakati wake.* Usipake chungu kikiwa bado kinang'aa kwa maji, wala kikiwa kimekauka kabisa. Kiwe kama ngozi: ukikibonyeza kwa kidole hakiingii, lakini ukucha unaacha alama.

4. *Gawanya bega la chungu.* Zungusha kamba begani, ikate pale inapokutana. Ikunje mara mbili, tena mara mbili, tena mara mbili: umepata sehemu 8 sawasawa. Tia alama ndogo kila mkunjo. Hapo maua hayatasongamana upande mmoja na kukimbiana upande mwingine.

5. *Chora kwanza, paka baadaye.* Chonga kijiti cha mwanzi, chora mipaka ya ua kwa mstari usio wa kina sana. Paka ndani kwa unyoya wa kuku au kijiti kilichotafunwa ncha. Njia nyingine ni kujaza udongo mweupe ndani ya mistari yenyewe na kufuta ule unaobaki nje. Ladi Kwali wa Nigeria, mfinyanzi aliyejulikana dunia nzima kwa vyungu vyenye picha za wanyama, alitumia njia ya namna hii. Leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20 ya nchi yake. Ni mama wa kijijini aliyejifunza kwa shangazi yake.

6. *Sugua.* Rangi ikikauka kidogo, sugua polepole kwa jiwe laini la mtoni mpaka ing'ae. Hii inaibana rangi ndani ya ukuta wa chungu. Kwenye mtungi wa maji, sugua maua tu. Mwili mwingine uuache bila kung'arishwa sana, uendelee kupumua.

7. *Kausha pole pole kivulini*, wiki moja au mbili kufuatana na hewa. Chungu chenye maji ndani ya ukuta wake kikiingia motoni, maji yanageuka mvuke na kukipasua. Ndiyo maana kazi hii ni ya kiangazi.

8. *Jaribu kwanza juu ya kipande.* Kabla ya kupaka vyungu 20, paka kipande kimoja kidogo, kichome pamoja na vingine, kisha kisugue kwa kidole kilicholowa. Rangi ikibaki kidoleni, moto ulikuwa mdogo au hukusugua vya kutosha.

Ua la namna hii halibabuki jikoni na halinukii katika maji, kwa sababu limekwisha kupita motoni pamoja na chungu. Ni udongo juu ya udongo.

Chungu kimoja kinachoruhusiwa rangi

Sasa nafika kwenye kazi yangu ya kila siku, yaani mbegu. Chungu cha mbegu kinataka kinyume cha mtungi. Mtungi upumue; chungu cha mbegu kisipumue. Mbegu ya maharagi ikivuta maji ya hewa inaota ukungu, na ikipata hewa nyingi, bungua wanaishi humo kwa raha na kuzaana. Mwezi wa kupanda ukifika unafungua chungu na kukuta vumbi na matundu. Hapo mulimaji anakwenda kukopa mbegu, na wengi wenu mnajua bei ya deni la mbegu.

Hapa ndipo rangi ya mafuta inaweza kusaidia. Paka nje mwili mzima, shingo mpaka kitako, mara mbili, na maua ukipenda. Chagua rangi ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haina risasi, acha ikauke kabisa siku nyingi kabla ya kutia mbegu, na weka chungu mbali na watoto. Asiye na rangi atumie nta ya nyuki iliyoyeyushwa, akiisugua juu ya chungu kilichopashwa moto. Halafu fuata haya:

- *Kausha mbegu vizuri.* Ili kupima, chukua chupa kavu, tia mbegu na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika chache. Chumvi ikishikamana na chupa, mbegu ingali na maji. Rudisha juani.
- *Changanya na mafuta ya kula*, kijiko kimoja cha chai kwa kilo moja ya maharagi, mpaka kila punje ing'ae. Bungua wanazuiliwa kuzaa. Au changanya na majivu makavu yaliyochungwa, yajaze nafasi zote kati ya punje.
- *Jaza mpaka mdomoni.* Nafasi tupu ni hewa. Kama mbegu haitoshi, malizia kwa majivu juu ya kitambaa.
- *Funga* kwa kifuniko na udongo mbichi au nta pembeni, na usifungue mpaka siku ya kupanda.
- *Weka juu ya mbao au matofali*, siyo juu ya sakafu.

Ili watu wasichanganye, napendekeza alama katika koperative yetu: mtungi wa maji uwe na ua la bamia, chungu cha mbegu kiwe na ua la maharagi. Hata mtoto asiyesoma atajua kipi ni kipi. Na chungu kilichopakwa rangi kisigeuzwe kamwe kuwa cha maji au cha kupikia, hata kikizeeka.

Shimo la udongo na kuni

Udongo mzuri wa kufinyanga uko mabondeni, pale pale tunapolima mpunga. Mabishano yameshaanza kati ya wenye mashamba na wafinyanzi. Kila upande una haki yake, basi kamati ikae nao mapema kuliko kungoja mapanga. Shauri langu: lichaguliwe shimo moja linalojulikana, lisiwe kwenye kingo za mto wala karibu na tuta la kushika maji. Udongo mweusi wa juu uwekwe kando na kurudishwa, sababu huo ndio wenye rutuba. Shimo lililomalizwa lijazwe. Shimo wazi ni nyumba ya mbu na ni hatari kwa watoto.

Kwa moto, tusimalize miti ya milima yetu ambayo tayari inalia juu ya makala. Tuna maganda ya mpunga, tuna maganda ya mbegu za mawese na vichala vyake vikavu, vyote vinatupwa. Vikichanganywa na kuni chache vinachoma vizuri, na maganda ya mpunga yanashika joto muda mrefu.

Hesabu kabla ya kutaja bei

Tufanye mfano tu. Kila kikundi kiweke namba zake. Tuseme mmefinyanga vyungu 20. Udongo, kuni na usafiri vimekula franka 20,000. Siku 8 za kazi, kila moja franka 5,000, ni 40,000. Jumla 60,000. Wengi wanagawanya kwa 20 na kusema chungu kimoja ni 3,000, kisha wanauza 3,500 wakidhani wamepata faida. Lakini vyungu 5 vimepasuka motoni. Gawanya kwa 15: kila kimoja kimegharimu 4,000. Mmeuza kwa hasara ya 500.

Sasa ongeza siku 2 za kuchora maua: jumla ni 70,000, kila chungu karibu 4,700. Kwa hiyo ua lazima liongeze bei angalau franka 700, la sivyo mnawapa watu maua bure. Na chungu kimoja kikiokolewa na moto kwa kukaushwa vizuri kinaleta faida kuliko ua lolote.

Tuanze wapi

Katika mkutano ujao nitaomba mambo matatu. Wafinyanzi walete vipande vya majaribio, vyekundu na vyeupe, tuvisugue pamoja na kuona ipi inashika. Kila kijiji kitume kijana mmoja, msichana au mvulana, akae na mama mzee kiangazi hiki kizima; mikono ile haiandikwi katika kitabu, na siku ikizikwa tumepoteza shule. Na kila aliyenunua kile chungu cha rangi kwa shauri langu akilete: kitapewa kazi ya mbegu, naye atapewa mtungi mpya utakaochomwa na maua yake.

Mmoja wa kwanza uko tayari. Uko mlangoni kwa yule mama mzee, na maua manane ya bamia begani. Jana alinipa maji yake ya kunywa, yaliyokwisha kuchemshwa. Yalikuwa baridi.

Agronomu wenu, Mboko